Njia Isiyo na Mshono

Ndugu zangu, haya nitakayowasimulia ni ya nyumba moja tu, lakini nyumba za namna hiyo ziko nyingi, na huenda moja ni yako. Tusikilizane.

Ilikuwa nyumba ya amani. Kila asubuhi baba, mchomeleaji wa vyuma, alikunywa chai akiwa amesimama, akamtania mkewe kidogo, akaenda zake kazini. Mkewe alishona magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele. Binti yao wa miaka sita, waliyempachika jina la Bobini, kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka ndani ya cherehani, kwa jinsi asivyotulia, alikaa sakafuni akichambua vifungo kwa rangi. Mama huyo, fundi wetu, alikuwa na tabia ya mafundi cherehani wengi: pini zake alizichomeka kwenye blauzi, kifuani upande wa kushoto, akawa anazichomoa na kuzirudisha bila kuangalia.

Siku moja wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kujaribu gauni. Mdomo wa wifi huyu haukuwa na breki. Alijigeuza mbele ya kioo, kisha akamkagua fundi toka juu hadi chini.

"Wifi, unawatengenezea wenzako vifua, chako umemwachia nani? Hapo mbele mtu anapiga pasi kabisa!"

Mawifi kutaniana ni jambo la kawaida, na fundi alikuwa ameshaandaa jibu zuri kuhusu miguu ya wifi. Lakini mumewe alikuwa mlangoni, amerudi kuchukua simu aliyoisahau, naye akacheka. Alicheka kidogo tu, akaondoka. Fundi akaliacha jibu lake, akainama kupima pindo la gauni. Kicheko kile kilimuuma sana, na hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali, akakaa mbele ya daktari wa upasuaji, mama mtu mzima mwenye sauti ya polepole.

"Njia ninazofanya ni mbili," daktari alisema. "Ya kwanza ni vifuko, vya silikoni au vya maji ya chumvi. Nakata chini ya titi au kwapani, nakiweka kifuko juu ya msuli au chini yake. Kovu litabaki. Kifuko kinaweza kukakamaa au kupasuka, na si cha maisha, huenda miaka ikipita tukakibadilisha. Ya pili, nafyonza mafuta yako mwenyewe kiunoni, nayahamishia kifuani. Hayaongezi sana, na mengine mwili utayala. Halafu wewe, mama, hicho kiuno hakina cha kufyonza."

"Ipi haina madhara?"

"Hakuna. Nenda ukafikirie mwezi mzima. Na ukirudi uniambie, anayelitaka jambo hili ni wewe au ni mtu mwingine?"

Swali hilo lilimchukiza fundi. Hakurudi.

Hapa ndipo alipopotea, ndugu zangu, na alipotea kifundi. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amerekebisha nguo za watu, na karibu kila iliyoharibika ilianza kuachia kwenye mshono. Basi akaupima mwili kama nguo. Kifuko kina mshono. Mafuta nayo lazima utobolewe kiunoni. Akaitafuta kazi isiyo na mshono, na anayetafuta kitu cha namna hiyo hakosi wa kumuuzia.

Aliyemuuzia alikuwa msusi mmoja, mteja wake, mwenye chumba cha nyuma chenye kitanda na pazia.

"Kwangu hakuna kisu wala uzi," msusi alisema. "Sindano chache tu, jeli inaingia, mchana huohuo unarudi kwenye cherehani yako."

"Hakuna mshono kabisa?"

"Hata mmoja, dada yangu."

Ndilo swali pekee aliloliuliza. Mwanamke huyu, ambaye hakununua uzi bila kwanza kuuvuta aone kama utakatika, hakuuliza ndani ya chupa ya ile jeli kuna nini. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutafuta lesi.

Kwa miezi mitatu alipendeza, nisiwe mwongo. Wifi alimwona akanyamaza. Mumewe alimtazama mezani, akauliza, "Hivi umenenepa?" Akaendelea kula. Hicho ndicho alichokipata.

Kisha yakaanza mabonge. Ngozi ikawa ngumu, ikaiva rangi ya zambarau, halafu maumivu yakakoma, na yeye akadhani amepona. Kumbe ilikuwa ganzi. Na ganzi ile haikuishia kwenye ngozi. Aliamka, akashona, akala, akalala. Bobini alimwonyesha jino lililong'oka, akasema "vizuri" bila kuinua macho.

Asubuhi moja alikuwa ameinamia gauni jeupe la bibi harusi.

"Mama, damu!"

"Wapi?"

"Kwenye gauni. Na hapo kwako."

Fundi akajitazama. Pini nne zilikuwa zimepita blauzi, zimeingia kwenye titi la kushoto hadi vichwani. Hakuwa amesikia hata moja. Akazichomoa taratibu mbele ya mtoto, kama anayezitoa kwenye mto.

Safari hii mumewe alimpeleka hospitali. Daktari yuleyule alizitazama picha za vipimo.

"Ungechagua kifuko kikasumbua, ningefungua palepale nilipokata, nikakitoa," alisema. "Mshono unafumuliwa, mama, wewe unajua kuliko mimi. Hiki ulichomiminiwa kimeshakuwa nyama yako. Sina pa kukishika. Nikikitoa, natoa na titi."

Wakalitoa la kushoto lote, na la kulia nusu. Msusi alikuwa amekwishafunga duka na namba yake haipatikani. Wifi alikuja wodini akalia mpaka wauguzi wakamtoa nje. Fundi alimtazama, hakusikia moyoni hasira wala huruma.

Mumewe alikaa kando ya kitanda.

"Mke wangu, wifi yako anasema ni siku ile ya utani. Mimi nilicheka kweli? Hata sikumbuki."

"Mimi nakumbuka," fundi alijibu, akageukia ukutani.

Amerudi kwenye cherehani. Juzi binti mmoja anayetarajia kuolewa, akiwa anapimwa, alimnong'oneza kwamba amesikia kuna sindano, haina kisu, tena ni ya haraka. Fundi aliweka chini utepe wa kupimia. Alifunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi, akasimama hivyo mpaka binti alipoanza kulia. Kisha akafunga vifungo vyake, akaendelea kumpima.

Funzo

Mtu kutaka kuubadilisha mwili wake si dhambi, na sikuja hapa kuwafokea wanawake. Lakini anayeugusa mwili wako muulize amesomea wapi, anakuwekea nini, na mambo yakiharibika atakitoaje. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la tatu, ondoka kwake haraka. Kazi rahisi kuliko zote huenda ndiyo isiyoweza kurudishwa nyuma.

Na wewe mume, na wewe wifi, utani ni wenu, tanianeni. Ila ukimwona mwenzako amenyamaza baada ya utani wako, muulize siku hiyohiyo. Mume wa fundi anamuuliza kila siku sasa anasikiaje, na mkewe anamjibu kwamba hasikii chochote.