Barua za Wakubwa

Watu wa Keko huamshwa na mlio wa randa. Mafundi hutoa vitanda, makabati na viti nje, wakavipanga kando ya barabara, na vumbi la mbao likachanganyika na la magari. Mzee Khalfani alikuwa na banda lake hapo tangu ujana wake. Siku hizi wateja walikuwa haba, maana wengi walikimbilia samani za bei nafuu zinazoletwa kwa meli. Hata hivyo alifungua kila siku. Mkewe alikwishafariki, na nyumbani alibaki na binti yake mmoja, Raudha.

Raudha alikuwa na shahada ya kwanza ya sosholojia. Alifanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, akifuatilia nyaraka za mizigo ya Kongo na Zambia. Mzigo ulipokwama mpakani, aliuliza sababu. Mwanasheria wa ofisi alisema ni sheria. Mhasibu alisema ni ushuru. Dereva alisema ni siasa za huko. Wote walisema kweli, na mzigo ukabaki pale pale.

Siku moja akasikia kuna shahada ya uzamili ya masuala ya kimataifa. Humo sheria, uchumi, siasa na historia husomwa pamoja, ili mtu aone jambo zima badala ya kipande. Raudha aliitaka kozi ile kuliko kitu chochote. Chuo kilikuwa hapa hapa mjini, na angeweza kusoma jioni baada ya kazi.

Chuo kilitaka barua mbili kutoka kwa watu wanaoweza kueleza uwezo wake wa masomo. Hapo ndipo alipokwama. Alimkumbuka Dokta Lusungu, mwalimu aliyemwambia siku ya mahafali, "Ukitaka kuendelea na masomo, niandikie." Lakini miaka sita ilikuwa imepita, na Raudha hakuwahi hata kumjulia hali. Aliona muhali. Atamwandikiaje mtu leo kwa sababu ana shida tu?

"Barua?" alisema Mzee Khalfani. "Hilo niachie mie. Sie hapa Keko hatujulikani?"

Usimcheke mzee huyu. Mitaani kwetu mambo mengi huanza na barua ya mtu mkubwa. Ukitaka kazi, barua. Ukitaka kumdhamini ndugu yako, barua. Basi Mzee Khalfani alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akatoka juani. Alirudi na barua mbili zenye mihuri. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliandika kwamba Raudha ni raia mwema, hana ugomvi na mtu. Sheikh wa msikiti aliandika kwamba ana adabu na ametoka katika nyumba ya watu wa dini.

Raudha alizisoma, na moyo wake ukamwambia kuna kitu hakiko sawa. Akamtazama baba yake, jasho likimtiririka na uso umejaa furaha. Atamwambiaje? Muhali tena. Akazituma.

Jibu la chuo lilikuwa fupi. Maombi yake hayakukubaliwa.

Mzee Khalfani alikuwa amekwisha kuwatangazia mafundi wote kwamba binti yake anakwenda kusomea mambo ya dunia. Sasa kila aliyepita aliuliza, "Vipi mzee, msomi wetu keshaanza?" Raudha akawa anapita njia ya nyuma. Baba yake aliacha kukaa barazani jioni.

"Wametuona watu wa chini," alisema siku moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Wameona jina la fundi seremala, wakatupa karatasi. Mie ndiye nuksi yako, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Raudha kuliko jibu la chuo.

Uani kwao alikuwepo mpangaji, Tekla, mwenyeji wa Mbinga. Alifanya kazi katika ofisi ya udahili ya chuo kingine. Siku hiyo alimkuta Raudha anafua, machozi yanadondokea kwenye beseni.

"We Raudha, una nini?"

"Nimekosa chuo, dada Tekla. Na baba anadhani ni kwa sababu yake."

"Hebu nione ulituma nini."

Raudha alifuta mikono, akampa simu. Tekla alisoma kimya kimya. Alipofika kwenye zile barua akainua macho.

"Mdogo wangu, hawa ni watu wazima wa heshima. Lakini nani kati yao amewahi kusahihisha kazi yako?"

"Hakuna."

"Basi ishu iko hapo. Chuo hakikuuliza kama una adabu. Kimeuliza kama unaweza kusoma, kuandika na kufanya utafiti. Hilo analijua mwalimu aliyekufundisha. Vyuo vingine hukubali barua moja itoke kwa mkuu wako wa kazi. Usikisie, soma masharti ya chuo chenyewe. Na mara nyingi mwandishi huituma barua mwenyewe chuoni, haipitii mkononi mwako."

"Na shahada yangu ya sosholojia? Haikuniharibia?"

"Kwa kozi kama hii? Wao wanachanganya watu. Mwanasheria, mchumi, na wewe. Ila lazima useme unaleta nini. Kwenye barua yako ya malengo umeandika 'Napenda kuijua dunia.' Nani asiyependa? Ile habari ya mizigo inayokwama mpakani, unayonihadithiaga kila siku, mbona haimo?"

"Niliona ni habari ya kazini tu."

"Ndiyo hiyo hiyo! Andika swali lako, na kwa nini sheria peke yake haitoshi kulijibu."

Raudha alikamua nguo moja, akaianika. Kisha akasema, "Walimu nawaonea muhali, dada. Nimewatupa miaka yote hii."

"Kumwandikia mwanafunzi barua ni sehemu ya kazi yao. Nawe mwambie ulikofikia, umpe muda wa kutosha, basi. Mficha uchi hazai."

Jioni ile Raudha alimwandikia Dokta Lusungu. Aliyejibu alikuwa karani wa idara. Dokta Lusungu alifariki mwaka uliopita.

Raudha alilia kama aliyefiwa na wa kwao. Mwaka uliopita! Kama angeandika mapema angalau angemsalimia. Tekla alikaa naye, hakumwambia nyamaza. Mwisho akasema, "Ukimaliza kulia, mwandikie mwingine. Leo hii."

Alimwandikia Dokta Vaileth, aliyemsimamia utafiti wake. Jibu lilikuja upesi. "Ulipotelea wapi? Nitumie matokeo yako, barua yako ya malengo na tarehe ya mwisho ya kuomba." Mkuu wake wa kazi naye alikubali, na chuo kiliruhusu.

Likabaki jambo moja, gumu kuliko yote. Raudha alimfuata baba yake bandani.

"Baba, hawakunikataa kwa sababu ya useremala wako. Zile barua hazikuwa zenyewe. Walitaka za walimu."

Mzee Khalfani aliacha kupiga msasa. "Zile nilizozifuata mie?"

"Ndiyo, baba. Na mie nilihisi hazifai, nikanyamaza."

"Kwa nini usiniambie?"

"Nilikuonea muhali."

"Mie baba yako?" alisema mzee. Akaendelea kupiga msasa. Siku kadhaa hakusema naye ila salamu, na chakula alikula peke yake. Raudha alituma maombi mapya nyumba ikiwa kimya hivyo hivyo.

Safari hii alikubaliwa. Siku hizo hizo Mzee Khalfani alishindwa kuendelea na banda, akalikabidhi kwa kijana anayeuza samani za nje. Hivyo furaha ilipoingia ilimkuta mzee amekaa kitandani, mikono haina kazi. Alimwambia Raudha amsomee barua ya chuo, kisha amsomee tena. Machozi yakamtoka.

"Na yule mwalimu aliyefariki," aliuliza, "watu wake wanakaa wapi?"

"Kiwalani, baba. Nimeulizia."

"Twende tukawape pole."

Walikwenda siku ya mapumziko, Raudha akiwa ameanza masomo. Mjane aliwakaribisha, akawapa viti. Raudha alimweleza alikuwa nani, anasoma nini, na kwamba Dokta alimwambia amwandikie.

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. "Aliwaambiaga wote hivyo. Kila mwaka ulipofika wakati wa maombi ya vyuo, alikuwa anafungua simu asubuhi kutazama kama kuna aliyemwandikia. Ananiuliza, 'Mama, hivi watoto wangu hawataki tena kusoma?'"

Raudha aliinamisha kichwa. Mzee Khalfani akamjibia.

"Walitaka, mama. Walimwonea muhali tu. Tusameheni."