Mwanamke Si Lifti

Saa moja na nusu asubuhi lango la shule lilikuwa limefurika. Magari yalipanga mstari mpaka barabara kuu, honi zikipigwa na watu walewale ambao jana yake walitumiwa ujumbe wa kuwaomba wasipige honi. Na katikati ya mlango, akiwazibia njia wote, mwanamume mmoja mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amepiga goti. Shingoni amening'iniza begi dogo la waridi, kiunoni mkanda wa bisibisi na spana, mikononi mguu wa mtoto wa kike wa miaka minne. Alikuwa akipambana na kifungo cha kiatu kana kwamba kiatu kimemtukana.

Mwalimu alivuta pumzi. Hii ilikuwa shule ya Montessori, ambako mtoto huachwa afanye mwenyewe kila analoliweza, na hilo alikuwa amelieleza kwa mdomo, kwa barua na kwa bango lenye picha. Wazazi walimwita Bi Polepole, kwa siri waliyodhani ni siri. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa miwili, na kitambaa cha kichwa ambacho kila siku kiliamka kikiwa kichwani na kumaliza zamu kikiwa shingoni.

"Samahani, baba..."

"Mjomba," alijibu yule mtu bila kuinua uso. "Mama yake anaingia kazini alfajiri."

"Samahani, mjomba. Mwache avae mwenyewe."

"Hawezi."

"Umemuuliza?"

Hapo akainua uso. Ulikuwa uso mzuri, hilo Mwalimu alilikubali kwa shingo upande, na ulikuwa na doa la grisi shavuni.

"Mwalimu, mimi ni fundi wa lifti. Hivi tunavyozungumza kuna watu wanne wamekwama ghorofa ya tisa, na mmoja wao ni mwanasheria. Sina nafasi ya kiatu."

"Wanapumua?"

"Wanapumua."

"Basi watasubiri. Nukta, mama, endelea."

Nukta, aliyepewa jina hilo nyumbani kwa udogo wake, aliketi chini akaanza kazi. Ilichukua dakika saba. Nyuma yao honi zikawa bendi. Fundi alisimama mikono nyuma, vidole vimefumbatana, jasho linamtoka kama anapekuliwa. Kifungo kilipoingia, mtoto akasema, "Nimeweza," kwa sauti ndogo, bila kumtazama yeyote, akaingia ndani. Mjomba mtu akageukia ukuta na kukohoa.

"Vumbi," alisema.

"Hapana vumbi hapa," Mwalimu alijibu. "Tunapiga deki kila asubuhi. Watoto wenyewe."

Jioni yake simu ya Mwalimu ililia.

"Nimetoa namba yako kwenye bango lenu. Wale wanne wametoka salama. Mwanasheria anasema atanishtaki, nimemwambia akushtaki wewe."

"Mwambie aje saa mbili asubuhi, nikimaliza kupokea watoto."

"Na mimi nije saa ngapi?"

Mwalimu, mtu wa kupanga siku yake kwa robo saa, alisahau saa.

Alimpa sharti moja: kwanza aje akae darasani atazame. Akaja. Akapewa kiti cha mtoto, akakaa magoti yamefika masikioni, akaambiwa asiseme, asiguse, asisaidie. Kwa saa nzima aliwatazama watoto ishirini na wawili wakitandika mikeka yao, wakimimina maji, wakipanga vibao, kila mmoja na lake. Mtoto mmoja alimwaga jagi zima. Fundi akanyanyuka nusu. Mwalimu akamtupia jicho moja tu. Akakaa. Mtoto akaenda kuchukua kitambaa, akapangusa, akarudi kwenye kazi yake.

"Ni kitu gani kile?" fundi alimuuliza baadaye nje, macho yamemtoka. "Mimi ningekuwa nimeshapangusa, nimembadilisha shati, nimemnunulia jagi jipya."

"Na yeye angejifunza nini? Kukuita wewe. Sikiliza, nitakupa sheria yote. Usimkatize mtu aliye kazini. Usimsaidie asiyeomba. Ukimhitaji, ngoja mpaka ageuke."

Fundi akatoa daftari la hitilafu kwenye mfuko wa kifuani, akaandika. Mwalimu alicheka mpaka kitambaa kikateremka shingoni mapema. Laiti angejua anacheka nini.

Miezi minne ilienda vizuri. Fundi alikuwa na mikono yenye makovu na sauti ya kubembeleza, akimwita "mwalimu wangu" hata mbele ya watu. Alikuwa na shati moja jeupe la kutokea, alilipiga pasi mpaka ungeweza kukatia karatasi. Walitembea, walikunywa chai, waligombania nani alipie, na simu hazikuwa na mwisho.

"Umelala, laazizi?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Wengine hupokea usingizini. Mwanasheria wangu hivyo hivyo."

"Kumbe sasa ni mwanasheria wako?"

"Amekwama mara tatu. Tunaitana ndugu."

Shida ilikuja na rafu za darasa. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mpole aliyejua kugawa kazi bila kushika hata moja, alitaka wazazi wajuane. Familia ishirini na mbili, na kila moja ikiifahamu nyingine kwa rangi ya gari. Katika kundi la simu hawakusema lolote ila kuulizana sweta imepotea wapi. Ikaamuliwa iwepo Jumamosi ya kazi: wazazi waje, wapake rafu rangi, walime bustani, wawe watu wa mahali pamoja. "Wewe ndiye utakayeisimamia," aliambiwa Mwalimu. Naye hakumwambia mtu yeyote kuwa kazi ni nyingi. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuwa kitu ni kingi. Alikuwa amelelewa akijifungia viatu vyake mwenyewe, na akaendelea hivyo.

Jumatano moja, siku kumi kabla, aliamua kuhamisha vifaa vyote vya darasa hadi stoo ya juu. Peke yake. Fundi alimkuta katikati ya ngazi, amebeba sanduku linalomfika kidevuni, gauni limejaa vumbi, mdomo umekaza.

"Hujambo, mwalimu wangu."

"Sijambo."

Akakaa ngazi ya chini. Akaweka mikono magotini. Akatazama.

Safari ya pili akatazama. Safari ya tano, Mwalimu anahema kama anapanda mlima, yule mtu bado anatazama, tena kwa upendo, na hilo ndilo lililomchemsha. Safari ya saba sanduku likapasuka chini. Shanga za kuhesabia, maelfu yake, zikamwagika ngazi nzima, zikadunda, zikatiririka mpaka kwenye korido. Na fundi wa lifti, mpenzi wake, mtu mzima mwenye akili timamu, akainua miguu yote miwili ili asizikanyage.

Akainua miguu!

"Wewe mtu," Mwalimu alisema taratibu, "una roho kweli?"

"Ninayo, mwalimu wangu. Imo humu inaruka."

"Nusu saa nabeba! Nusu saa! Umekaa kama mteja!"

"Hukuomba."

"Niombe? Mtu mzima unaniona nakufa, mpaka niombe?"

"Lakini wewe ndiye uliyesema." Alikuwa ameshatoa daftari. "Hapa. Usimkatize aliye kazini. Usimsaidie..."

"Hiyo ni ya watoto!"

"Hukusema ni ya watoto. Na kazini kwetu ni hivyo hivyo, mtu akikwama anabonyeza kengele. Nimekaa hapa nasubiri kengele, vidole vinaniwasha."

"Mwanamke si lifti!" Sauti ilifika stoo na kurudi. "Nenda zako."

Na kwa kuwa ameombwa, akaenda.

Siku zilizofuata zilikuwa za kumtia mtu wazimu. Kila asubuhi alimleta Nukta langoni. Hakumsaidia hata kufungua begi. Hakuzuia njia. Alisimama kando mikono nyuma, akamwinamishia Mwalimu kichwa kwa adabu, akaondoka. Mzazi wa mfano! Miaka sita Mwalimu alikuwa akimtafuta mzazi wa namna hiyo, na sasa amempata alitamani kumrushia kiatu. Simu nayo ikawa kimya. Aliikagua kama ina chaji. Ina chaji. Alimpigia dada yake ampigie kuona kama inalia. Inalia.

"Hapigi kwa sababu umemfukuza," dada yake alisema.

"Mtu akipenda anafukuzika?"

"Huyu anafuata maelekezo. Wenzio wanalia wamepata wasiosikia, wewe umepata anayeandika kabisa. Ulimwomba akusaidie?"

"Dada, alikuwa ananiona."

"Sikukuuliza alikuwa anaona nini. Ulimwomba, hukumwomba?"

"...Sikumwomba."

"Hata mimi hujawahi kuniomba. Ulihama nyumba nikapata habari kwa jirani yako. Unajua nilijisikiaje? Kama mgeni. Haya, kwaheri, sufuria yangu inaungua."

Mwalimu alibaki ameshika simu. Alikasirika, kwanza kwa dada yake, halafu kwa sufuria.

Jumamosi ikafika na jua kali. Zilikuja familia kumi na moja. Kila moja ilisimama kando ya gari lake ikitazama simu, kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Mwalimu, ndani ya suruali kuukuu na fulana ya mume wa dada yake, alikuwa kila mahali. Anakoroga rangi. Anatandaza magazeti. Anakokota mabenchi.

"Nikushikie, Mwalimu?" aliuliza mama wa gari jekundu, mwanamke mnene mwenye miwani ya jua kubwa.

"Hapana, asante, nitaweza."

"Hiyo ndoo nipe mimi," alisema baba mmoja mwenye ndevu.

"Usisumbuke, baba. Nimeshaizoea."

Baba akarudi kwenye gari lake. Fundi alikuwapo pia. Aliketi juu ya tofali karibu na uzio, ndani ya shati lake jeupe la kutokea, chaguo la ajabu kwa siku ya rangi. Nukta alikuwa pembeni yake anachimba shimo. Hakusogea. Alikuwa anatazama tu, na Mwalimu alihisi macho yale mgongoni kama pasi.

Akaenda kwenye rafu kubwa, ile ndefu kuliko mlango, iliyosimamishwa nje kwenye ukuta wa darasa. Akaiegemeza begani ili aitoe ukutani. Ikatoka. Ikatoka zaidi ya alivyokusudia. Ikamlalia mgongoni, akabaki amepinda, mikono miwili nyuma ameishika, hawezi kuirudisha wala kuishusha. Hakutoa sauti. Alifikiria hata kusubiri mpaka watu waondoke.

Mama wa gari jekundu alivua miwani.

"Mwalimu, niambie ukweli. Umetuita tufanye kazi, au tuje tukutazame wewe ukifanya? Maana mimi nimeacha nguo kwenye maji. Watoto wetu humu ndani unawapa kila mmoja kazi yake. Sisi umetunyima."

Rafu ililia kidogo. Mwalimu aliwatazama wazazi wa zile familia kumi na moja na magari yao, akamtazama yule wa kwenye tofali, ambaye sasa alikuwa amesimama, mikono imemtoka mbele, ametanguliza mguu mmoja, amejizuia kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Shati lilikuwa limelowa jasho kwapani. Alikuwa anateseka. Siku zote zile, kumbe alikuwa anateseka.

"Nimekwama," Mwalimu alisema.

"Unasemaje?" fundi aliuliza.

"Umenisikia!"

"Nataka nihakikishe, mpenzi. Nikikosea tena utanifukuza tena."

"Nimekwama! Ni nzito! Yote ni mazito, tangu zamani! Nisaidie, wewe mtu, nisaidieni nyote, kwa nini mmesimama?"

Hakuna aliyeona fundi alivyovuka uwanja. Alikuwa kule, akawa huku, bega lake chini ya rafu, na nyuma yake baba mwenye ndevu, na mama wa gari jekundu na wengine wote, wakikanyagana, kila mtu akitoa amri. Rafu ikashuka. Mwalimu akakaa chini palepale, akalia kwa hasira, kisha akafuta uso na kuanza kugawa kazi: ndevu kwenye bustani, miwani kwenye rangi, wewe mabenchi, wewe maji. Baada ya nusu saa watu waliokuwa hawajuani walikuwa wanataniana kuhusu kiuno cha nani kimeanza kuzeeka, na sweta mbili zilipata wenyewe.

Shati jeupe lilikuwa la kijani mpaka kwenye kola. Mwalimu alichuchumaa kando ya fundi, wakapaka rafu ileile, kila mmoja na brashi yake.

"Nisamehe," alisema. "Nilitaka ujue bila kuambiwa."

"Na mimi nisamehe. Zile shanga... nilizisikia usiku kucha. Nifanyeje siku nyingine?"

"Ukiniona nimezidiwa, uliza. Nikisema nitaweza, uliza tena."

Mkono wa fundi ukaenda kifuani.

"Ukilitoa hilo daftari nalitia kwenye rangi."

Mkono ukarudi.

"Kuna jambo nilitaka kukuuliza," alisema fundi. "Mwezi wa pili sasa. Lakini kila nikija, uko kazini."

Mwalimu aliweka brashi chini. Angeweza kungoja aulizwe. Lakini alishaomba mara moja leo, na hakufa.

"Basi naomba mimi. Unioe."

Brashi ya fundi ilidondoka. Aliitikia kwa kichwa kwanza, mara nyingi, kisha sauti ikafuata, kubwa mno, mpaka Nukta akainuka shimoni.

"Jamani!" alipiga kelele mama wa gari jekundu. "Na sisi tumo?"

"Mmo, na kazi mtapewa," Mwalimu alisema. "Wewe upishi. Baba mwenye ndevu viti. Muulizeni Mwalimu Mkuu kama atatupa uwanja."

"Na mimi?" fundi aliuliza, uso umemng'aa. "Mimi nifanye nini, mwalimu wangu?"

"Wewe utakwenda kwa mama yangu kujieleza. Anauliza maswali kuliko mwanasheria, na hapendi watu wanaokaa kimya." Mwalimu akaokota brashi, akampa. "Huko, laazizi, sikusaidii. Utaweza mwenyewe."