Wimbo Usio na La

"Usiniambie wimbo huu ulionitumia ni wa nani. Acha nikisie mwenyewe," Mwalimu alisema, simu sikioni, macho kafumba.

Wakili akacheka upande wa pili. "Kisia, mpenzi. Si ndiyo kazi yako?"

Na kweli ndiyo iliyomlisha. Chuoni alifundisha kumtambua mtunzi kwa masikio tu: wa enzi gani, wa taifa gani, mtindo gani. Sauti mbili zikifukuzana bila kupumua, alisema, "Baroki, Mjerumani: Bach." Mkono wa kulia ukilalama huku wa kushoto ukibembeleza, "Romantiki, Mpolandi: Chopin." Akikosea alinuna kutwa nzima, we acha tu.

Huu ulimshinda.

"Chini umepangwa kama wa Wajerumani wa kale. Juu una majonzi ya Kipolandi. Huyu wa wapi jamani?"

"Wa hapa hapa. Ni mimi, nimekutungia wewe. Sasa niambie, nikuoe?"

"Ndiyo" ilishafika kwenye ncha ya ulimi. Siku zote alisema Wakili ni mtu mwema, ila hana la kumwambia. Kumbe analo! Hata hivyo akajikuta anasema, "Nipe mpaka kesho."

Kesho yake aliusikiliza tena na tena kwenye chumba cha mazoezi. Kitu kilimkera. Kila mara wimbo ulipopanda, do, re, mi, fa, so, uliiruka noti ya la, ukaenda moja kwa moja hadi ti. Mtu gani anaogopa la?

Akakaa kwenye piano kuukuu ya chuo, akaupiga. Ukatiririka mwanzo hadi mwisho. Ndipo akang'amua kwa nini. Kwenye piano ile, la ya katikati ilikufa tangu mvua zilizopita. Ukiibonyeza inagonga tu, tok. Piano ya Wakili ilikuwa mpya, ipo sebuleni kama pambo, na haina kitufe hata kimoja kibovu.

Akampigia Kimya, mdogo wake Wakili, aliyewapigia wanafunzi wake piano darasani na kufanyia mazoezi chumbani humo.

"Njoo chumba cha mazoezi. Sasa hivi."

Kimya akaja anahema. "Kuna nini, shemeji?"

"Usiniite shemeji, sijajibu bado. Nimempata mtunzi. Enzi, hii hii. Taifa, chumba hiki. Mtindo, anaruka la." Akabonyeza. Tok.

Kimya akakaa chini polepole.

"Kaka alinisikia naupiga, akauomba. Ndiye aliyenilea, akanisomesha. Ningemwambiaje la?"

"Kwa hiyo ulimtungia yeye?"

"Hapana. Niliutunga mwaka jana, wewe ukisahihisha mitihani pale dirishani. Niliutunga kwa sababu nakupenda."

Mwalimu alikasirika hadi machozi yakamtoka. "Mtu anamwazima kaka yake shati! Moyo unaazimwa? Na mimi mngenivaa kwa zamu?"

Mwalimu akafuta uso, akampigia Wakili, akaiweka simu juu ya piano, sauti wazi.

"Kabla sijakujibu, niambie. Kwa nini wimbo wako unaruka la?"

Wakili akababaika.

"Aa... ni mtindo tu. Wa Kifaransa."

"Ni kitufe kibovu cha chuo. Na mdogo wako yuko hapa."

Wakili akashusha pumzi ndefu. "Maneno yangu kwako hayajawahi kutosha. Nikaona nibebe yake. Haki ya Mungu sikujua kwamba aliyatunga kwa ajili yako. Hakuniambia."

"Hawezi kukwambia la. Mimi naweza." Alisema kwa upole, maana hakumchukia. "La."

Kimya akaangalia vitufe. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasema bila kusukumwa, "Na mimi? Utanijibu nini?"

Mwalimu akamgeukia. Hasira ilikuwepo bado, na kicheko kilikuwa kinaisukuma nyuma.

"Umeniomba kwa wimbo usio na la. Nitakujibu nini kingine?"

Juu ya piano mtu akakohoa. Wote wawili wakashtuka. Walisahau kukata simu.

"Mdogo wangu," Wakili alisema.

"Naam, kaka."

"Tafuta fundi wa piano, nawe upate la yako." Kisha akaongeza, "Na wewe, siku njema... shemeji."