Damu ya Kasiani

— Usinishike mkono, kaka.

Kasiani aligeuka nyuma kumtafuta huyo kaka. Hakuona mtu, ila migomba na mbuzi mmoja asiyejulikana ukoo wake. Ndipo alipoelewa kwamba kaka ni yeye, mchumba ambaye ndoa yake imekwisha kutangazwa kanisani, tena hapo amebeba kapu la karoti za Mgeta.

— Modesta, nimekosa nini?

— Hujakosa. Umenipa damu.

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka ule wa hamsini na tano Modesta aliugua mpaka damu ikakaribia kumwishia, akateremshwa Morogoro mjini kwa lori la kabichi. Daktari aliomba damu ya ndugu. Ndugu walipoiona sindano, kila mmoja alikumbuka shamba lake. Kasiani peke yake alikunja mkono wa shati, na damu yake ikapatana na ya mgonjwa. Modesta akapata nafuu, akarudi mlimani. Usingizi haukurudi naye.

— Mama ananiosha miguu kwa maji ya moto, alisema. Maziwa nakunywa. Mganga wa misheni kaniambia nitembee asubuhi, nisilale mchana. Nafanya yote. Nikifumba macho tu, namsikia Bibi Scholastika.

— Mtani wenu? Alisema nini?

— Kwamba waliochanjana damu ni ndugu, kwa hiyo naolewa na kaka yangu. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Kasiani. Kisha nikaenda kulala.

Kasiani alitua kapu.

— Twende kwa mjomba wako.

— Na akisema ni kweli? Neno la mjomba halirudi. Heri nisijue.

— Usipolala utaanguka tena. Mimi damu nyingine nitaitoa wapi?

Kwa Waluguru baba huzaa, mjomba huamua. Mjomba Alois walimkuta jikoni, anasubiri maharage. Bibi Scholastika naye alikuwepo, kwa kuwa maharage yalikaribia kuiva.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba. Mbona mmekaa mbalimbali kama mashahidi wa kesi?

Modesta alieleza, macho yake mekundu yakitazama chini. Alipomaliza, mjomba alikikazia macho chungu. Chungu kilichemka, kikamwagika motoni, na hakuna aliyethubutu kuinuka.

— Kasiani. Na wewe ulipewa damu yake?

— Hapana, mjomba.

— Mlichanjwa wote wawili, mkalishana ini la kuku?

— Nilipewa chai na mkate.

— Mkate una siagi?

— Hauna, mjomba.

— Kiapo nani aliwaapisha?

— Palikuwa na muuguzi tu, naye alikuwa na haraka.

Mjomba aliondoa chungu motoni taratibu, kana kwamba hukumu imo ndani.

— Undugu wa kuchanjia ni kupeana. Huyu alitoa, hakupokea. Hapo hakuna kaka, Modesta. Kuna mwanamume aliyebaki hospitali wajomba zako tulipokimbia. Ndoa ipo.

Kisha akamgeukia mtani.

— Na wewe?

— Mimi kazi yangu kutania. Nikianza kusema kweli, nani atanipa maharage?

Halafu sauti ya bibi ikashuka.

— Mjukuu wangu, sikujua kama uliyabeba maneno yangu mpaka kitandani.

Kwa ishara ya mjomba, Modesta alisogea ubavuni mwa Kasiani.

— Basi sema mwenyewe, mjomba alimwambia. Bado unamtaka huyu?

Kasiani aligeuka polepole, tayari kwa lolote.

Modesta alikuwa amelala. Kichwa kilimwangukia Kasiani kwenye mkono, ule ule uliochomwa sindano, na kinywa kilikuwa wazi bila aibu yoyote.

— Msimwamshe, Kasiani alinong'ona.

Bibi Scholastika alifunga mdomo, jambo ambalo ukoo mzima haukuwahi kulishuhudia.

Maharage yakaliwa, vyombo vikaoshwa, kivuli cha mlima kikaufikia uwanja. Modesta alipozinduka, Kasiani alikuwa pale pale, mkono umekufa ganzi.

— Mjomba alikuuliza swali, alimwambia.

— Nililisikia nusu.

— Unajibu nini?

— Ndiyo.

— Na ile nusu nyingine?

Modesta alifumba macho tena.

— Hiyo niulize padri akiwepo. Sogeza mkono, mume wangu, sijamaliza kulala.