Ombi Lililomchoma Debra

Kila Jumamosi asubuhi Waceke aliandamana na mama yake hadi Kenyatta Market, ambako mama alikuwa na kiti chake katika saluni moja ya kusuka. Kazi ya Waceke ilikuwa kuzichambua nywele za kuongezea, fungu kwa fungu, na kumtilia mama mkononi kabla hajaitisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya watu wazima wengi. Lakini Jumamosi hiyo mama alinyoosha mkono, akashika hewa. Akanyoosha tena, akashika hewa.

"Waceke! Leo nisuke upepo?"

Mteja aliyekuwa kitini, mama mmoja mcheshi aliyeitwa Philister, akaangua kicheko. "Usimgombeze. Huyu ana jambo. Nimekuja na kichwa kama kiota cha ndege na hajanicheka hata kidogo!"

Waceke alijaribu kutabasamu, lakini machozi yalitangulia. Basi akaeleza yote.

Kwaya ya watoto ya kanisa lao huko Riruta ilikuwa ikijiandaa kuimba Jumapili ya Watoto. Waceke alitaka waimbe wimbo wao wa siku zote, kwa kayamba na makofi. Debra, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alitaka wimbo mpya wa kinanda, kwa kuwa kaka yake Dan alikuwa amejifunza kukicheza. Walibishana juma zima. Kisha jana, mazoezi yalipokwisha, Mwalimu Ndeti wa kwaya akamwambia Waceke afunge kwa maombi.

"Ukaombaje?" mama akauliza.

Waceke aliinama. "Nilisema, 'Ee Bwana, wako wenzetu hapa ambao tangu wahamie Woodley wameingiwa na kiburi. Wanataka nyumba yako iwe disko. Waguse, Bwana. Wavunje mioyo yao migumu.'"

Mikono ya mama ilisimama kichwani mwa Philister.

"Na watoto wengine?"

"Waliitikia amina. Kwa nguvu."

Kila mtu alijua ni nani aliyehamia mtaa wa Woodley. Debra alikuwa amechukua sweta yake na kutoka bila kuaga mtu. Asubuhi hiyo Cate, jirani yao, alikuwa amemletea Waceke habari: Debra amesema hatakanyaga tena kanisani Riruta. Amewaomba wazazi wake watafute kanisa lingine karibu na kwao.

"Pole, mtoto," akasema Philister. "Hata mimi nimewahi kuombewa hivyo katika kikundi cha akina mama. Nilisahau sufuria ya chai nyumbani, wakanikemea 'roho ya usahaulifu' mpaka nikatamani kuingia chini ya kiti!"

Mama hakucheka. "Waceke, kupenda kayamba si kosa. Debra kupenda kinanda pia si kosa. Kosa ni kwamba ulikuwa na neno naye, nawe hukumpelekea. Ulilisema mbele za watu, ukamfanya Mungu kipaza sauti chako."

Waceke alipangusa macho. "Kesho nitasimama kanisani nimwombe msamaha mbele ya wote."

"Kwanza huyo Debra atakuwepo? Na akiwepo lakini hayuko tayari, atasemaje watu wote wakimkodolea macho? Utakuwa umembana mara ya pili. Yesu alitufundisha tumwendee aliye na neno nasi, tukiwa wawili tu."

"Na akinifungia mlango?"

"Utakuwa umefika mlangoni. Jana hukufika."

Waceke aliweka nywele mezani, akanyooka. Uamuzi alikuwa ameshaufanya. "Mama, naomba niende sasa hivi. Nikingoja nitaogopa."

Akatoka sokoni, akapita mabucha yaliyokuwa yakiwasha makaa ya kuchomea nyama, akashika njia ya Woodley. Mara mbili miguu ilitaka kugeuka. Mara mbili akaikatalia.

Mlango ulifunguliwa na Dan.

"Haa! Mhubiri amefika!" akasema. "Umekuja kututoa mapepo?"

Jibu kali lilimfikia Waceke hadi kwenye ulimi. Akalimeza. "Sikuja kugombana, Dan. Naomba kumwona Debra."

"Debra! Njoo uombewe!"

Debra alitokea akiwa na kisu na fungu la sukuma wiki. Hakumsalimu. "Sema haraka, nakata mboga. Mwalimu amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe." Hakuangalia chini. "Nilikukosea. Nilijua ukiombewa huwezi kujibu, ndiyo maana nikasema wakati ule. Hayo hayakuwa maombi. Na yale ya Woodley... ulipohama sikuwa na mtu wa kutembea naye kwenda shuleni. Niliona uchungu, nikauita kiburi chako. Nisamehe."

Debra alikishusha kisu. Kisha maneno yakamtoka yote pamoja. "Ungenitukana barabarani ningekutukana, tumalizane! Lakini umefumba macho, umeinua mikono. Ningefanya nini? Ukimjibu mtu anayeomba, wewe ndiwe shetani. Na wote wakasema amina, Waceke. Wote!"

"Najua. Nitamwendea kila mmoja nimwambie nilikosea."

"Bado nimekasirika."

"Una haki. Nitakuja tena siku nyingine."

Alipogeuka kuondoka, Debra akaita, "Wewe! Unatoka Kenyatta Market mpaka hapa halafu uende hivihivi? Ingia ushike kisu. Hizi sukuma ni nyingi."

Walikata mboga. Kwanza kimya, halafu kidogokidogo wakarudi kwenye wimbo ule ule, wakabishana hadi Dan akachungulia kuona kama kuna vita. Vita havikuwepo.

"Kayamba bado ni tamu zaidi," Waceke alisema.

"Na mimi bado nasema kinanda. Lakini sasa angalau unaniambia mimi."

Wakakata shauri: Debra atarudi kwenye kwaya, na watamwimbia Mwalimu Ndeti nyimbo zote mbili, wote wawili wakiimba kila wimbo kwa moyo. Atakapochagua mmoja, hakuna kununa.

Waceke alitimiza ahadi. Kabla ya mazoezi yaliyofuata alimwendea kila mwanakwaya, wengine wakamcheka, mmoja akamwiga akiomba. Aliumia, lakini hakurudi nyuma mpaka akawamaliza. Kisha yeye na Debra wakaimba. Mwalimu Ndeti akachagua kinanda. Waceke alihisi kama amenyang'anywa kitu, akavuta pumzi, akasogea karibu na Debra na kumwuliza ubeti wa pili unaanzaje.

Jumapili ya Watoto waliimba vizuri hata wazee wakasimama. Baada ya ibada Mwalimu Ndeti aliwakusanya nje ya kanisa.

"Watoto wangu," alisema, "msidhani Wakristo hawatofautiani. Hata sisi wazee wa kanisa hubishana, tena juu ya mambo madogo kuliko kayamba. Upendo hauonekani kwa kukosa ubishi. Unaonekana kwa namna tunavyobishana. Ukiwa na neno na mwenzako, mpelekee mwenyewe, mkiwa wawili, kwa upole, umpe nafasi ya kukujibu. Usilipitishe kwa marafiki, wala usilivike nguo ya maombi. Na mkishaelewana, hata kama mawazo yenu hayajafanana, imbeni pamoja. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

"Basi tuzungumze juu ya wimbo wa Krismasi. Nani ana maoni?"

Mikono miwili iliinuka kwa pamoja, wa Waceke na wa Debra, na kwaya nzima ikaangua kicheko.