Uso wa Pomona Chini ya Turubai

"Elide, usiguse hilo turubai!"

Elide hakugeuka. Begi lake lilikuwa mlangoni mwa karakana ya mchumba wake Oreste, mchonga sanamu, na treni ya kwenda Torino kwa dada yake ilikaribia. Alikuwa amechoka, jamani, uchovu ule ambao hata kulia unaona kazi.

"Oreste, mtunza bustani ni mimi. Sanamu za villa hii nazifunika mimi, baridi ikianza. Hii Pomona umeifunika tangu mavuno ya zabibu. Unaficha nini?"

"Haijaisha."

"Kama uchumba wetu. Na Noemi wa pale baa, humu anafuata nini?"

"Ananishikia kikapu nichonge mikono. Wewe bega linakuuma kwa kupogoa miti."

"Kikapu! Vertumno wa hadithi za Warumi alijigeuza mvunaji, mwanajeshi, hadi bibi kizee, ndipo Pomona, mungu wetu wa matunda, akamfungulia geti la bustani yake. Wewe hata shati hubadilishi."

Akalivuta turubai.

Pomona alibeba kikapu cha matofaa kwa mikono laini ya Noemi. Lakini uso ulikuwa na mifuko chini ya macho na mistari kando ya mdomo. Elide alijiona mwenyewe.

"Umenizeesha!"

"Nimekuchonga unavyorudi jioni kutoka bustanini. Ndivyo ninavyokupenda."

"Mungu gani amechoka hivi?"

"Anachuma toka asubuhi. Asichoke kwani yeye jiwe?"

Elide nusura acheke. Simu ya Oreste ikalia mezani, ujumbe wa mwenye villa. Akausoma kwa sauti:

"Nasema mara ya mwisho, nataka msichana, si mama mchovu. Badilisha uso au kazi nampa mwingine."

Oreste akaichukua simu, akaandika, akamwonyesha: "Mpe. Huyu naenda naye nyumbani."

Elide akakaa juu ya kreti la matofaa, machozi yakamtoka. Bondeni treni ilipiga honi, ikapita.

"Pomona wa zamani alipasuka kichwa kwa baridi," alisema, "kwa sababu mimi nilikuwa hospitali na wewe ukasahau kumfunika."

"Najua. Nisamehe."

"Nipe kamba."

Akaufunika tena uso wake wa jiwe kwa turubai, akafunga kamba taratibu, kama anayemfunika mtoto.

"Atakaa uani kwetu. Ukiniacha nje bila turubai hata usiku mmoja, Oreste, naondoka kweli."

"Na harusi?"

"Kesho tukamwone padri. Leo niache nilale."