Abiria wa Debe

Gari lilididimia upande wa nyuma, kama magari yote yanavyofanya mtu mzito akikaa, ila hakuna mtu aliyepanda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Debe alitupa jicho kwenye kioo, akamwambia binti yake, "Funga mlango, mwanangu, tunaondoka," na mlango ukafungwa. Mikono yote miwili ya yule mtoto ilikuwa imeshika chupa ya maji.

Sasa nani alaumiwe? Watu wanapenda kusema shetani hana adabu, majini wana ubaya wao. Upuuzi! Alaumiwe Debe na mdomo wake. Jini hakuvunja mlango wa mtu. Aliitwa, tena kwa sauti ya kuita basi zima.

Debe alikuwa mpiga debe wa kituo cha mabasi. Kazi yake ni kuita abiria, kutwa nzima, mpaka koo likauke, na ukishaita watu miaka yote hiyo mdomo unajiendea wenyewe bila kuuliza akili. Nyumbani aliwaita watu kula kama anajaza basi. Msibani aliwahi kuwapanga waombolezaji, "Sogeeni nyuma, nyuma bado kweupe!" Mkewe nusura azimie kwa aibu.

Siku hiyo walikuwa wanafuata barabara ya pwani kwenda kumwona dada wa mkewe aliyejifungua. Safari yenyewe mke aliiomba mpaka akachoka kuomba. Mbele alikaa Debe na mkewe. Nyuma, dirisha moja alikaa mama mkwe, dirisha la pili Chiriku, mtoto wao wa mwisho, aliyeitwa hivyo kwa sababu alirithi mdomo wa baba yake na hata usingizini alikuwa anaongea. Katikati yao palibaki nafasi moja.

Tairi likapasuka mahali ambapo barabara inakaribia kugusa bahari, pasipo nyumba wala mtu. La akiba nalo lilikuwa limenywea. Mke alikuwa amemkumbusha alijaze upepo tangu juzi, na Debe alikuwa amejibu, "Niachie mimi." Basi akalijaza kwa pampu ya mguu, jua la utosini, huku mkewe amenuna anatazama maji. Alipomaliza kulifunga hakumwomba radhi. Thubutu! Akaona bora amchekeshe. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga paa kwa kiganja, akaipigia kelele ile pwani tupu:

"Haya, haya, moja imebaki! Nafasi moja, twende! Mama, wewe wa kule majini, usiogope, panda, nyuma kuna nafasi!"

Mkewe hakucheka. Mama mkwe ndiye aliyesema, polepole, "Baba, huku hakuna mtu. Unamwita nani?"

"Natania tu, mama."

"Mahali usipopajua hapataniwi."

Debe akaingia kwenye usukani, ndipo gari likadidimia.

Mwanzo ilikuwa harufu, mwani uliooza, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua. Wakafungua vioo, upepo ukaingia, harufu isitoke. Halafu matone. Tone, kimya, tone, humo humo ndani, kwenye gari kavu lililochomwa na jua. Mama mkwe akagusa kiti kando yake, akautazama mkono wake uliolowa, akausogeza ubavu wake dirishani.

"Mama," Chiriku akanong'ona, "mwambie asogee. Ananibana."

"Nani anakubana?"

Chiriku hakujibu. Toka hapo hakusema tena.

"Acha gari liende, ni joto tu," Debe alisema. Daraja lililokuwa mbele wakalikuta limefungwa, kuna mti umelazwa barabarani, ikabidi wazunguke. Wakazunguka kwa njia ya mchanga, gari likiburuza tumbo kama limebeba magunia, rejeta ikachemka, wakasubiri ipoe, wakaondoka tena, na walipokata kona ya mwisho wakitegemea kuiona lami ya upande wa pili wa daraja, wakajikuta wamesimama pale pale walipobadilishia tairi, na alama za jeki bado ziko chini, na karibu na alama za jeki kuna nyayo za miguu mitupu, ndefu, zinazotoka majini kuja mpaka ulipokuwa mlango wa nyuma, na hakuna hata unyayo mmoja unaorudi.

Mke akageuka kumtazama mtoto wake. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nywele zimelowa chapa. Upande wa kati, kiti kilikuwa kimebonyea, na bega la Chiriku limesukumwa mlangoni, limebinywa na kitu ambacho macho hayakioni.

"Mtoe mtoto! Mtoe!"

Akaruka nje, akafungua mlango, akamshika kwapani, akavuta. Wapi! Yule mtoto mwepesi, ambaye jana tu alimbeba mgongoni, alikuwa mzito kama simenti iliyolowa. Mama mkwe akasukuma kwa upande wake huku akisoma dua zote alizozijua, na mtoto hakusogea.

"Ulimwita wewe," mke akamwambia mumewe, meno yamebana. "Mshushe wewe."

Debe akainama mlangoni. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama... samahani, mama. Tumefika. Shuka, tafadhali."

Midomo ya Chiriku ikafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya mwanamke mzima aliyekasirika. "Uliniita. Ulisema nafasi ipo, nimekaa. Huyu mdogo ananibana, nitamshusha yeye."

Mtoto akaanza kutoa maji puani.

Debe alikuwa mjinga wa mambo mengi, lakini kazi yake aliijua. Kituoni, abiria uliyemwita mwenyewe humtupi porini. Gari likikushinda unamfaulisha, unamtafutia gari lingine lenye nafasi na unamwombea kwa mdomo wako. Na hapo hapo, kwa bahati nzuri au mbaya, amua mwenyewe, gari dogo jeupe likapunguza mwendo. Ndani alikuwepo mwalimu wa shule, mtu mpole, na nyuma watoto wake mapacha wanagombania biskuti.

"Vipi ndugu, mmeharibikiwa? Niwasaidie?"

"Una nafasi?" Debe akauliza.

"Ipo moja, hapo nyuma na watoto. Nani anapanda?"

"Mpokee tu."

Gari la Debe likanyanyuka. La mwalimu likadidimia. Mwalimu akasubiri, hakuona mtu, akadhani labda huyu bwana amelewa, akatikisa kichwa na kuondoka. Chiriku akatapika maji ya chumvi, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe, na bibi yake akamkumbatia.

Debe akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Twendeni."

Mkewe akamchapa kofi ambalo nadhani bahari ililisikia.

"Umewapa watoto wa watu?"

"Nimemwokoa mwanao!"

"Sikukuuliza umemwokoa nani! Mwenzio amesimama kukusaidia, wewe unampakilia mauti! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe umeujua sasa hivi, haujakauka hata machoni, unampelekea mwenzio? Washa gari. Washa, au naendesha mimi!"

"Tukimkuta itakuwaje? Arudi kwa Chiriku?"

"Washa gari, mwanamume wee!"

Safari hii barabara haikuwazuia. Mti haukuwepo, daraja lilikuwa wazi. Upande wa pili wakamkuta mwalimu amesimama pembeni, boneti iko juu, mvuke unafuka, naye amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma akiwaita watoto wake majina, na watoto hawaitiki.

Debe akazima gari. "Shukeni wote."

"Unataka kufanya nini?"

"Shukeni, nimesema. Chukueni mizigo."

Wakashuka. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga paa kwa kiganja. Sauti ilikuwa ile ya kituoni, ile ya kujaza basi. "Nafasi zote! Gari tupu, mama, hakuna wa kukubana! Njoo, nakupeleka mwenyewe unakotaka!"

Kwa mwalimu, mapacha wakalipuka kwa kilio. Gari la Debe likadidimia, safari hii upande wa mbele, kiti cha mkewe.

Akamtazama mkewe juu ya paa. "Nitamfikisha, nitarudi. Mtangulie kwa shemeji."

Mke angeweza kumwambia neno jema. Alikuwa nalo. Lakini hasira ilikuwa bado imemjaa mpaka hapa, shingoni, akajibu, "Nenda. Nenda na huo mdomo wako."

Akaenda.

Injini ilipopoa, mwalimu aliwabananisha garini kwake na watoto, akawafikisha kwa dada wa mke. Jua lilikuwa linazama, mtoto mchanga ameshalala, Chiriku anaanza kuchokoza watu kwa maneno, mlango ukagongwa taratibu. Mke akafungua. Debe alikuwa amesimama nje ya kizingiti, amelowa kutoka kichwani mpaka viatuni, ametabasamu.

Furaha na hasira vikamjia pamoja. "Umetutia roho juu! Gari liko wapi? Mbona umelowa hivyo? Si useme!"

"Nafasi ipo?" Debe akauliza.

Aliuliza kwa upole kabisa. Na huyu ni mtu ambaye hodi yake ilianzia barabarani, aliyeingia nyumba za watu akiwa ameshaanza kusimulia, ambaye katika ndoa yote hakuwahi kumwomba mkewe ruhusa ya kitu. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini, *ipo, ingia ubadilishe nguo*, lakini akahisi Chiriku amejificha nyuma yake, ameishika kanga yake kwa mikono yote miwili, na mtoto haongei.

Akainusa ile hewa ya mlangoni. Ilinuka bahari. Lakini mtu aliyetoka baharini si atanuka bahari?

"Mke wangu," akasema yule wa nje, "nimechoka. Nafasi ipo?"

Mama mkwe akainuka huko ndani. Akakitoa kile kichanga chumbani, akakipeleka chumba cha mwisho.

"Hakuna," mke akasema. "Tumejaa."

Yule mtu hakubisha. Aliinamisha kichwa, akageuka, na pale barabarani akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyeita watu maisha yake yote. Mke akakijua. Akausukuma mlango ukafungwa, akashika kitasa mpaka vidole vikafa ganzi, asiufungue tena.

Debe hajarudi, gari halijaonekana. Ndugu wanamwambia mke alifanya la haki, kwamba yule hakuwa mumewe, kwamba majini wanajua kuiga hata kikohozi. Yeye anawasikiliza. Wakishaondoka anaingia chumbani, anakaa upande wake wa kitanda, na kumtukana Debe kwa sauti, kwa ujinga wake, kwa tairi la akiba, kwa kumwacha. Akimaliza hunyamaza kidogo, kumwachia zamu yake ya kujibu.